Jinsi ya kupata kebabu nzuri katikati ya jiji

Katikati ya jiji kubwa maduka ya kebabu huwa mengi, na sehemu kubwa ya hayo huuza kitu kilekile: nyama iliyosagwa kiwandani, ikagandishwa, ikazungushwa mbele ya moto mchana kutwa, kisha ikafunikwa kwa mchuzi mzito. Nzuri ipo, na mara nyingi ipo mitaa miwili tu kutoka hapo. Kuitambua hakuhitaji ulimi wa mpishi. Kunahitaji macho, na dakika tatu za kusimama pembeni kabla ya kutoa pesa, kwa sababu kebabu huchomwa na kukatwa mbele ya mteja. Vyakula vinavyokupa nafasi ya namna hiyo ni vichache.

Amua kwanza unatafuta ipi

Kuna ya nguzo, ambayo wengine huiita döner, shawarma au gyros: nyama hupangwa tabaka kwa tabaka kwenye chuma kilichosimama, ikazunguka kando ya moto na kukatwa upande wa nje. Kuna ya mishikaki, yaani vipande vya mnofu vilivyochomekwa kwenye chuma na kulazwa juu ya mkaa. Na kuna ya kusaga, kama ile ya Adana, mji wa kusini mwa Uturuki, ambayo nyama yake hubandikwa kwa mkono kwenye chuma bapa. Kila moja ina moto wake. Nguzo hutaka joto la wastani lisilokatika. Mishikaki na ya kusaga hutaka mkaa mkali kwa dakika chache. Ndiyo maana duka linalofanya zote tatu vizuri ni nadra. Ukiona jiko la mkaa limewekwa mbele na nguzo moja ndogo imesukumwa kona, agiza ya mkaa.

Menyu nayo husema mengi. Duka lenye kebabu aina nne au tano na supu moja limejifunga kwenye nyama. Lenye kebabu, piza, baga, tambi na kuku wa kukaanga linategemea friza, kwa sababu hakuna jiko dogo linaloweza kuhudumia vyote hivyo kwa nyama ya siku hiyohiyo.

Mtaa gani, saa ngapi

Ondoka mbele ya kituo cha treni na uwanja mkuu. Hapo kodi ni kubwa na wateja ni wapita njia ambao hawatarudi, kwa hiyo mwenye duka hapotezi kitu akiwapa nyama duni. Tembea mtaa wa pili au wa tatu kutoka barabara kuu, hasa kuelekea soko, maduka ya jumla, msikiti, au mahali madereva wa teksi wanapoegesha. Watu hao hula hapohapo kila wiki, na wakiharibiwa mlo mara moja huhamia kwa jirani.

Saa nzuri ni kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana, halafu kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Wakati huo nyama inatoka haraka na tabaka jipya linaiva kila baada ya dakika chache. Kati ya vipindi hivyo viwili, duka likiwa tupu, mchomaji hupunguza moto na sehemu ya nje hukauka taratibu. Usiku wa manane kilichobaki kwenye chuma ni kiini chembamba kilichopigwa na joto siku nzima. Hapo ni bora kuagiza mshikaki unaochomwa upya.

Maoni ya wateja mtandaoni yanafaa, ila usianze na nyota. Nenda kwenye picha zilizopigwa na wateja miezi ya karibuni, utafute picha ya nguzo yenyewe au ya mkate uliokatwa katikati. Picha moja inayoonyesha nyuzi za nyama ni ushahidi kuliko sifa mia. Sifa zinazosema tu kwamba sahani imejaa na wahudumu wakarimu hazijagusa nyama.

Kusoma nguzo ya nyama

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Simama mahali unapoiona nguzo kwa ubavu.

Nguzo ya minofu haiko laini. Utaona kingo za vipande bapa zikitokeza, nyuzi za nyama zikielekea huku na huku, na mistari myeupe ya mafuta kati ya tabaka. Ina mabonde na vilima, juu pana na chini pembamba. Nguzo ya nyama ya kusaga ni duara safi, rangi moja kutoka juu hadi chini, haina nyuzi wala mistari. Ikikatwa hutoa ukanda mrefu uliolingana upana; nguzo ya minofu hutoa vipande vya maumbo tofauti, vingine vidogo kama ukucha, vingine virefu kama kidole.

Kusaga si dhambi yenyewe. Hata wapanga nguzo hodari huweka nyama kidogo ya kusaga kati ya tabaka za minofu ili zishikane. Tatizo ni kiasi. Nchini Ujerumani, ambako döner huliwa sana, mwongozo rasmi wa vyakula unataka nyama ya kusaga isizidi asilimia 60 katika kinachouzwa kwa jina la döner kebabu. Kikizidi hapo, kinapaswa kuitwa jina jingine. Nyama ya kusaga ikikandwa sana na chumvi, protini zake hunata na kushikana kama gundi. Ndiyo sababu kebabu duni hudunda mdomoni kama mpira: si kwamba haijaiva, ni kwamba imekandwa kupita kiasi, mara nyingi pamoja na unga au wanga wa kushika maji.

Angalia juu ya nguzo. Kipande kinene cha mafuta kikiwekwa pale kinafanya kazi, kwa sababu kinayeyuka na kutiririka juu ya nyama wakati inazunguka. Nyanya, pilipili na kitunguu vilivyochomekwa kileleni ni pambo, visikuvute.

Sasa ukubwa. Nguzo ya kilo 20 mbichi hupoteza maji na mafuta, ikabaki kama kilo 14 zilizoiva. Ukitoa gramu 140 kwa mkate mmoja, hiyo ni mikate 100. Basi linganisha na watu unaowaona. Duka lenye foleni nje linaweza kumaliza nguzo kubwa kabla ya kufunga. Lakini ukikuta nguzo nene kama pipa na wateja wawili saa nane mchana, nyama ile haitaisha leo. Nyama iliyochomwa nusu ikazimiwa moto, ikapoa polepole usiku na kuwashiwa tena asubuhi ndiyo hatari kubwa ya chakula hiki, kwa kuwa vijidudu kama Clostridium perfringens huacha mbegu zisizokufa kwa joto la kawaida la kupikia, na mbegu hizo huchipuka nyama inapokaa vuguvugu. Duka lenye akili hupanga nguzo ndogo, ikiisha imeisha.

Kisha tazama mkato mmoja mzima, tangu kisu kinapogusa juu hadi kipande kinapoanguka kwenye trei. Kisu kirefu kishuke kikipapasa, kikitoa vipande vyenye unene wa milimita 2 hadi 4. Kipande kizuri kina sura mbili: upande wa nje ni wa kahawia na una ukoko, upande wa ndani ni mpauko, umeiva na unang'aa kwa unyevu. Pande zote mbili zikiwa za kahawia na ngumu, nyama imeachwa motoni muda mrefu bila kukatwa. Upande wa ndani ukiwa wa waridi na mbichi, mchomaji amezidiwa na foleni akakata kina kirefu kuliko joto lilivyofika. Kwa kuku na kwa nyama ya kusaga hilo halikubaliki hata kidogo. Kuku mbichi anaweza kubeba Salmonela. Na nyama ikisagwa, vijidudu vilivyokuwa juu yake huchanganyika hadi ndani, kwa hiyo haitoshi kuiva nje tu. Nyama hizo zinapaswa kufika nyuzi 75 za Selsiasi katikati. Mchomaji makini, foleni ikimzidi, humalizia vipande kwenye bamba la chuma la moto kabla ya kuvitia kwenye mkate, au hukuomba usubiri. Akikuomba usubiri, subiri. Hiyo ni dalili njema.

Trei ya chini nayo ni ya kukagua. Vipande vichache vinavyosubiri oda inayofuata si shida. Lundo lililogeuka rangi ya kijivu, likiwa limelala ndani ya mafuta yaliyoanza kuganda, ni nyama ya saa iliyopita, na mara nyingi ndiyo itakayotiwa kwenye mkate wako. Omba ukatiwe mpya. Ukikataliwa, ondoka.

Kuku wa nguzo awe wa paja. Kidari hakina mafuta ya kutosha kuvumilia saa nyingi mbele ya moto. Hugeuka nyuzi kavu, na mchuzi hauwezi kuurudisha unyevu uliokwisha kutoka.

Ya mkaa: tazama moto kabla ya nyama

Mkaa uliokolea umefunikwa jivu jepesi la kijivu na hautoi ndimi za moto. Mafuta yakidondoka, moshi hupanda na kuipa nyama harufu yake. Ndimi zikiwaka zikailamba nyama, huacha masizi na uchungu; mchomaji mzuri huhamisha vyuma mara moja badala ya kuziacha. Jiko likiwa na mkaa haba, nyama haishiki rangi, inatoa maji na kuwa ya kijivu.

Mishikaki iwe ya vipande vya sentimita 2.5 hadi 3, vya ukubwa unaolingana. Vidogo kuliko hapo hukauka kabla ya kushika rangi. Vikichanganywa vikubwa na vidogo, lazima kimoja kiharibike. Vipande vya nyama vikichomekwa kwa zamu na nyanya na pilipili hoho hupendeza machoni, lakini nyanya hutoa maji na mboga huiva kwa muda tofauti na nyama. Wachomaji wanaojua huziweka kwenye chuma chake.

Ya kusaga huhitaji chuma bapa, si cha mviringo, maana kwenye cha mviringo nyama huteleza na kuzunguka peke yake kinapogeuzwa. Ukiona alama za vidole kwenye nyama mbichi kwenye friji ya kaunta, imebandikwa kwa mkono papo hapo dukani. Ile ya Adana hutengenezwa kwa nyama ya kondoo na mafuta ya mkia wake, ikakatwakatwa kwa zırh, kisu kizito kilichopinda kama mwezi mwandamo, badala ya kusagwa laini. Kwa hiyo ukiuma unapaswa kuhisi chembechembe, si uji. Nyama ikidondoka kutoka kwenye chuma, sababu huwa moja kati ya tatu: ilikuwa vuguvugu wakati wa kubandikwa, haikukandwa vya kutosha, au kitunguu hakikukamuliwa maji.

Mkate, mboga, mchuzi

Mkate upashwe moto kwenye jiko, ikiwezekana ukandamizwe juu ya nyama unyonye mafuta yake. Uliotoka kwenye mfuko baridi hupasuka na kuvuja. Mboga ziwe zimekatwa leo: kabichi ikatike, kitunguu kisiwe na harufu kali ya kilicholala. Mchuzi wa mtindi na kitunguu saumu uwe mwepesi na mchachu.

Mchuzi agiza uwekwe pembeni. Onja kipande cha nyama peke yake kwanza. Kikiwa na ladha ya nyama na ya moto, umefika. Kikiwa na chumvi tu, au ladha ya viungo isiyo na nyama ndani yake, mchuzi ulikuwa umewekwa kuficha.

Maswali matatu yanatosha kaunta: Nguzo hii mnapanga wenyewe au mnaletewa? Ni nyama ya ng'ombe, kondoo, kuku au mchanganyiko? Imewekwa leo? Anayeijua nyama yake hujibu bila kusita. Kama una mzio, taja ngano, maziwa na ufuta moja kwa moja, maana ngano huweza kuwa ndani ya nyama ya kusaga, maziwa kwenye mtindi ambamo nyama ililazwa, na ufuta kwenye mkate na mchuzi. Kama unataka halali, uliza hata kama kuna kibandiko mlangoni, na uulize kuhusu kuku na ng'ombe kila kimoja.

Kula ndani ya dakika kumi. Ukilazimika kubeba, omba nyama ifungwe peke yake, mkate peke yake na mboga peke yake, na foili isizibwe kabisa upande mmoja, maana mvuke ukikosa pa kutokea hulainisha ukoko wote. Nyama ikifika nyumbani imepoa, ipashe kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali kwa dakika mbili, itandazwe kwa safu moja isirundikane, halafu ndipo uijaze kwenye mkate. Isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na iliyokwisha kupashwa mara moja usiipashe tena.