Baada ya Dai la Uongo: Namna ya Kushughulikia Rekodi na Watu Uliowaingiza

Mtu aliyewasilisha dai la uongo kwa kampuni ya bima, akishagunduliwa, huwaza fedha kwanza: atarudisha kiasi gani, na kwa awamu ngapi. Deni hilo lina mwisho. Yanayodumu ni maandishi yaliyobaki katika majalada asiyoyaona, pamoja na watu ambao majina yao yaliingia katika fomu sambamba na lake. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari amedanganya, au yuko katikati ya udanganyifu na anatafuta njia ya kutoka.

Anza kwa kupima ulichofanya. Kukosea tarehe ya ajali au kukadiria vibaya thamani ya kifaa ni kosa linalorekebishwa kwa barua, lakini udanganyifu ni kusema jambo ukijua si la kweli, au bila kujali ukweli wake, ili ulipwe. Wengi hujikuta kwenye kutia chumvi: wizi ulitokea kweli, ila simu moja iliyoibwa ikaandikwa kuwa mbili. Wao huuita ujanja mdogo. Sheria haiuiti hivyo. Nchini Uingereza, Sheria ya Bima ya mwaka 2015 inairuhusu kampuni kukataa dai lote, pamoja na ile simu iliyoibwa kweli, kudai irudishiwe ilichokwisha kulipa kwa dai hilo, na kuuhesabu mkataba kuwa umekoma tangu siku ya udanganyifu bila kurudisha ada. Ukali huu una mizizi ya zamani. Tangu Jaji Mansfield alipoamua kesi ya Carter dhidi ya Boehm mwaka 1766, bima imesimama juu ya uaminifu wa hali ya juu, kwa sababu anayeomba bima ndiye anayeyajua mambo ambayo kampuni haiwezi kuyaona. Ni kweli kwamba mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Uingereza ililegeza kidogo, ikaamua kwamba uongo uliotumiwa kupamba dai ambalo lenyewe ni halali, na ambao haukubadilisha haki ya kulipwa, hauliui dai hilo. Hata hivyo mwanya huo ni mwembamba, nami nisingemshauri mtu yeyote autegemee.

Ikiwa fedha hazijalipwa, liondoe dai, lakini muone wakili kabla ya kuandika neno lolote, kwa maana barua ya kuliondoa inaweza kusomwa kama ungamo. Usichane risiti wala kufuta ujumbe kwenye simu. Kuharibu ushahidi ni kosa la pili, na mara nyingi huthibitishwa kwa urahisi kuliko lile la kwanza.

Kisha omba rekodi zako. Usidhani jalada liko kwenye kampuni moja tu, kwani kampuni nyingi hupeana taarifa kupitia hifadhidata za pamoja. Nchini Marekani, hifadhidata iitwayo CLUE huonyesha madai ya nyumba na magari ya hadi miaka 7 iliyopita, na mhusika anaweza kupata nakala yake bila malipo mara moja kila miezi 12. Uingereza inayo rejista maalumu ya udanganyifu wa bima tangu 2012. Haki ya kuona taarifa zako imo pia katika kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika 2018, katika sheria ya Kenya ya 2019 na katika ile ya Tanzania ya 2022. Nakala ikifika, isome neno kwa neno, maana dai lililoondolewa, dai lililokataliwa na mkataba uliofutwa kwa udanganyifu ni mambo matatu yenye uzito tofauti. Pinga kwa maandishi kilichoandikwa kimakosa, lakini kilicho kweli kiache.

Hapa ndipo wengi hujikwaa upya. Miaka ikipita na hifadhidata ikiacha kuonyesha dai, mtu hujiona ameshatakasika, kumbe fomu ya kuomba bima mpya humuuliza kama amewahi kukataliwa bima au mkataba wake kufutwa, na neno "amewahi" halina kikomo cha miaka. Soma muda uliotajwa katika kila swali na ulijibu hilo tu, kwa ukweli. Ada itapanda, na kampuni nyingine zitakukataa. Ukificha, mkataba mpya unaweza kubatilishwa siku nyumba itakapoungua, na mkopo wa nyumba hiyo ukabaki bila kinga.

Kuhusu watu, orodhesha kila aliyeguswa: mwenzi aliyemo katika bima ya pamoja, rafiki aliyesaini kuwa shahidi, fundi aliyekuandikia ankara ya juu, jamaa mwenye gari. Waeleze kabla barua ya kampuni haijawafikia. Mwambie kila mmoja uliandika nini kwa jina lake na kwamba anaweza kuhojiwa, na umshauri atafute wakili wake mwenyewe, kwa kuwa maslahi yenu huenda yasifanane tena. Usimfundishe la kusema, wala usimwombe "msimamo wetu uwe mmoja". Ombi hilo humtoa kwenye kundi la waliodanganywa na kumtia kwenye kundi la wadanganyifu. Aliyesaini kwa mapenzi huumizwa zaidi na kugundua kwamba hakuambiwa anasaini nini kuliko na hasara yenyewe. Mtoto aliyeagizwa "mtathmini akikuuliza, sema tulikuwa nyumbani" naye ameshiriki bila kujua, na anastahili kuambiwa, kwa lugha ya umri wake, kwamba agizo lile lilikuwa kosa la mzazi.

Ikiwa ada ya mwenzako imepanda au kazi yake imeingia mashakani kwa sababu yako, fidia kinachohesabika bila kungoja udaiwe, lakini usiyafanye malipo hayo kuwa bei ya msamaha. Anaweza kupokea fedha na bado asitake kukuona.

Barua zote, risiti za marejesho na majibu ya kampuni viweke katika jalada moja, na mwenzi wako ajue lilipo. Deni likishakwisha, lihifadhi vilevile, maana fomu yenye swali la "umewahi" inaweza kuja baada ya miaka ishirini, na pengine yeye ndiye atakayeijaza kwa niaba yenu nyote wawili.