Jinsi ya kuhudhuria tamasha la Osun, Osogbo

Tamasha la mungu wa kike Osun hufanyika kila Agosti mjini Osogbo, Nigeria, kwa takriban wiki mbili. Tarehe kamili hutangazwa kila mwaka, kwa hiyo usikate tiketi ya safari kabla tarehe hazijatangazwa. Vyumba hujaa mapema.

Ukiwa na siku chache, chagua usiku wa taa ya ndimi 16, Olojumerindinlogun, ambayo huwaka hadi alfajiri, pamoja na siku ya mwisho. Iboriade, kukusanywa kwa mataji ya wafalme waliotangulia, huja katikati.

Siku ya mwisho ndiyo yenye uzito. Arugba, msichana bikira, hubeba kibuyu cha sadaka kichwani kutoka kasri la mfalme, Ataoja, hadi mto Osun, ulio ndani ya msitu mtakatifu wa mungu huyo. Akijikwaa huhesabika ni ishara mbaya, ndiyo maana walinzi humzunguka na kusukuma watu bila huruma. Usimzibie njia kwa ajili ya picha. Vijana hutandikana viboko njiani, basi kaa pembeni.

Wahi msituni kabla ya msafara. Ukichelewa utaona migongo tu. Vaa nyeupe, na viatu visivyoteleza, maana Agosti ni msimu wa mvua na ukingo wa mto huwa tope. Kuvua samaki na kuwinda humo ni marufuku.

Waumini hunywa maji ya mto na kuyabeba kwa madumu. Mgeni ayaache: uchimbaji dhahabu umeyachafua.