Kabla hela ya korosho haijaishia kwenye simu mpya: namna ya kusikiliza wanaotumia, sio wanaouza

Msimu ukishaanza, minada ikapita na hela zikaanza kusoma kwenye akaunti, kila gulio kuanzia Tandahimba, Newala, Masasi mpaka Nachingwea huko linajaa spika na meza za vifaa. Simu zenye kamera nne nyuma, saa zinazopima mpaka sukari, TV za inchi 43 kwa bei ya kutupa, powerbanki za namba kubwa kubwa, majiko ya umeme. Na sio gulioni tu, ukifungua simu yako kila mtu anasifia kitu kipya. Hela ya korosho inakuja mara moja kwa mwaka ndugu zangu, kwahiyo naandika hapa namna ya kuchuja hayo maneno ya watu mpaka ubaki na yale yanayokufaa wewe uliyeko huku kusini, Mtwara na Lindi.

Kitu cha kwanza kabisa cha kumuuliza mtu anayesifia kifaa sio "ni kizuri?", hilo swali halina faida, kila mtu atakujibu ni kizuri kwasababu katoa hela yake na hataki kuonekana kapigwa. Muulize umekaa nacho muda gani. Mtu mwenye simu ya wiki mbili anachokwambia ni furaha ya kitu kipya, betri bado mpya, storeji bado tupu, kioo hakina mkwaruzo, hata simu mbovu kwa wiki mbili inakimbia. Mtafute aliyeinunua msimu uliopita. Huyo simu yake imeshajaa picha za harusi na video za wasap, imeshapita masika, imeshaanguka mara kadhaa, imeshachajiwa kwenye umeme unaokatika na kurudi, na maneno yake yana uzito. Muulize hivi, sa hivi ukichaji asubuhi inafika saa ngapi? Sehemu ya kuchomekea chaji bado imekaza au mpaka uikunje waya? Ukipata hela leo ungenunua tena hiyo hiyo? Hilo la mwisho ndo linatoa ukweli, angalia mtu akisita kidogo kabla ya kujibu.

Alafu angalia anaishi wapi. Rivyuu nyingi tunazoangalia yutubu zimefanyika Nairobi, Dar, India, mtu yuko ndani ya chumba chenye kiyoyozi na waifai. Wewe uko Msimbati au Kilwa Masoko, upepo wa bahari una chumvi na unyevu, na chumvi hiyo inakula vyuma vya kwenye tundu la chaji na bodi za TV haraka kuliko mtu wa bara anavyojua. Aliyeko Newala juu kule shida yake ni nyingine, vumbi la barabarani na mtandao unaopotea ukishuka bondeni. Kwahiyo maoni ya jirani yako mmoja wa Mikindani aliyekaa na TV miaka miwili yana thamani kwako kuliko video kumi za mtu ambaye hajui umeme kuyumba ni nini.

Mtu mwingine wa kumsikiliza, na huyu watu wengi wanamruka, ni fundi simu. Sio yule anayeuza na simu pia, namaanisha fundi ambaye kazi yake ni meza na bisibisi. Ukienda pale sokoni ukamkuta ametulia msalimie vizuri umuulize, "Fundi, hii simu nikiileta kioo kimepasuka unabadilisha shilingi ngapi, na kioo chake kipo hapa hapa Mtwara au mpaka kiagizwe Dar?" Jibu lake linakupa bei halisi ya simu. Kuna simu nzuri tu kwenye karatasi lakini spea zake hamna huku, ikipasuka inakaa kwenye droo mwezi mzima. Muulize pia ni simu gani zinarudi sana mezani kwake na zinarudi na ugonjwa gani, kama ni kioo basi hiyo ni ajali za watu, ila akikwambia zinakuja zimezima zenyewe au zinachemka, hapo sikiliza kwa makini.

Sasa tukija kwenye maneno ya wauzaji. Kwenye simu, neno linalowachanganya watu sana siku hizi ni RAM ya kuongezewa (RAM ni ile kumbukumbu ya haraka simu inayotumia kuendesha programu), unaona boksi limeandikwa 8+8 alafu muuzaji anakwambia hii ni RAM 16. Sio 16. Hiyo nane ya pili simu inaazima kwenye storeji, na storeji ni ya taratibu kuliko RAM yenyewe, kwahiyo hesabu ile ya kwanza tu. Kamera nazo hivyo hivyo, nne nyuma haimaanishi picha nzuri, mara nyingi moja ndo inafanya kazi ya maana na zilizobaki ni za megapikseli 2 zinajaza nafasi. Piga picha hapo dukani ndani kwenye kivuli, alafu toka nje piga juani, vuta karibu uone sura ya mtu.

Jambo ambalo halisemwi gulioni ni apdeti, yani maboresho ya mfumo wa simu yanayotumwa na kampuni. Simu isiyopata apdeti inafika siku programu zinaikataa, na hili sio la kufikirika, tarehe 1 Januari 2025 wasap waliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4 na za chini yake, alafu mwaka huo huo zikafuata iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Kwahiyo ingia kwenye setingi ya simu unayotaka kununua, angalia ni Android namba ngapi na ulinzi wake uliapdetiwa lini mara ya mwisho, ukikuta ni zaidi ya miaka miwili nyuma basi huenda hiyo simu kampuni yake imeshaiacha hata kama boksi bado lina nailoni. Kampuni zinatofautiana sana hapa, mfano Samsung walipotoa Galaxy A16 mwaka 2024 waliahidi apdeti za miaka 6, na hiyo sio simu ya bei ya juu, wakati zipo simu zingine za bei hiyo hiyo hazipati hata za miaka miwili.

Kuhusu simu feki, wengi tunakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walivyozizima. Njia ya kuangalia ni rahisi na inachukua dakika, bonyeza *#06# itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15, itume kwa meseji kwenda 15090, utarudishiwa aina ya simu. Jina likija tofauti na simu uliyoshika mkononi, irudishe mezani. Linganisha pia na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Kwa iPhone za mtumba, kuanzia XR na XS kwenda juu ukiingia kwenye setingi sehemu ya About inakuonyesha kama betri imeshabadilishwa, na hakikisha akaunti ya mwenye simu wa zamani imetolewa mbele ya macho yako, usikubali kuambiwa nitakutolea kesho. Zile zilizotoka Marekani na Japani weka laini yako mwenyewe humo humo dukani, ile inayoshika kijijini kwako, piga simu, fungua intaneti uone 4G inakuja, maana zingine zimefungwa kwa mtandao wa huko na zingine masafa yake hayaendani na ya kwetu.

Na hapo hapo kwenye vitu vya Japani na Marekani, kwa wanaopenda mitumba ya vyombo vya ndani, umeme wa Japani ni volti 100 na wa Marekani ni 120, wa kwetu ni 230. Blenda au jiko la kule ukilichomeka ukutani bila transfoma linaungua papo hapo. Soma nyuma ya kifaa, kikiandikwa 100-240V kiko salama, kikiandikwa 100V au 120V peke yake kiache.

TV. Muuzaji atakwambia "hii ni smati, ina Android". Muulize Android ipi, kwasababu kuna Google TV yenyewe na kuna Android ya kubandika tu isiyo na kibali cha Google, inafungua yutubu leo, mwaka ujao inagoma. Smati za kueleweka zinajulikana kwa majina ya mifumo yake, Google TV, Tizen ya Samsung, webOS ya LG, VIDAA ya Hisense. Neno la pili la kuangalia ni 4K, kwenye baadhi ya maboksi limeandikwa inapokea 4K, yani inakubali picha hiyo iingie lakini inaionyesha kwa ubora wa chini, TV ya 4K kweli imeandikwa 3840 x 2160 kwenye maelezo. Na kabla hujaililia 4K piga hesabu ya bando, Netflix wenyewe wanasema picha ya HD tu, iliyo chini ya 4K, inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa moja, sasa kwa sisi tunaowasha hotspoti ya simu nyumba nzima iangalie, hiyo smati itakaa inaangaliwa king'amuzi tu. Kama ndo hivyo bora TV ya kawaida yenye skrini nzuri na hela inayobaki ununue gadi ya umeme, kile kifaa kinachokinga umeme ukiyumba.

Gadi ni lazima, TV iwe na yake na friji iwe na yake maana hazifanani. Ya friji inachelewesha umeme dakika chache ukirudi, na ina sababu, gesi ndani ya kompresa inatakiwa itulie kwanza, ikilazimishwa kuwaka hapo hapo kompresa inachoka na kufa. Mtu akikwambia friji fulani ni bovu limekufa mwaka wa kwanza, muulize lilikuwa na gadi? Nusu ya lawama utakuta ni za umeme na sio za friji.

Sasa hizi saa za mkononi, hapa naomba mnisikilize vizuri kwasababu zinauzwa kwa wazee wetu. Kuna saa zinatangazwa zinapima sukari bila kutoboa kidole. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo wazi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Sasa fikiria mama ana sukari, saa inamwambia yuko sawa wakati sio, anaacha dawa, au inamwambia imepanda wakati sio, anakunywa zaidi. Hiyo hela mnunulie mashine ya kutoboa kidole na vipimo vyake, na kliniki aendelee kwenda. Saa mpe mtu anayetaka kuhesabu hatua na kuona meseji, hiyo kazi inaiweza.

Powerbanki ya 10,000 mAh haitoi 10,000 kwenye simu, namba hiyo ni ya betri ya ndani kwenye volti 3.7, ikipandishwa kwenda volti 5 na mingine ikapotea kwa joto unabaki na kama 6,000 hivi. Kwahiyo simu ya betri 5,000 ni mara moja na kidogo. Ukiona kidude chepesi cha kushika kiganjani kimeandikwa 50,000 kwa elfu kumi na tano, hicho hakina hata robo. Pima kwa uzito, betri kubwa ni nzito, hamna namna.

Majiko ya presha ya umeme nayo yamekuja kwa kasi, na serikali ina mkakati wa nishati safi wa 2024 mpaka 2034 unaotaka asilimia 80 ya watu waache kuni na mkaa, kwahiyo mtayasikia sana. Watu wanaogopa umeme kuliwa lakini hesabu yake ni nyepesi, jiko la wati 1000 likiwaka nusu saa nzima ni nusu yuniti, na likishapanda presha haliwaki muda wote. Linganisha na mkaa unaotumia kuivisha maharage. Usimuulize mwenye nalo kama linapika vizuri, muulize alinunua luku ya shilingi ngapi mwezi kabla ya jiko na ngapi baada ya jiko, na mpira wa mfuniko ukichakaa anaupata wapi.

Kama unachukua simu ya mkopo, ile ya kulipa kidogo kidogo kila siku, zidisha malipo ya siku kwa siku zote ujumlishe na kianzio, alafu ulizia bei ya keshi ya simu hiyo hiyo. Tofauti ndo bei ya mkopo. Na ujue simu inajifunga usipolipa, kwa mkulima ambaye hela yake inakuja kwa msimu hilo ni jambo la kufikiria kabla ya kusaini.

Ukishaamua kununua, nunua kwenye duka lenye mlango na sio meza inayohama kesho, dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya TRA) na waranti iandikwe tarehe na IMEI. Ukifika nyumbani siku zile za mwanzo itumie kwa nguvu kabisa, chaji mpaka ijae, washa kamera muda mrefu, piga simu ndefu, weka laini zote mbili, ikiwa na ugonjwa ujitokeze wakati duka bado linakukumbuka. Boksi usitupe.

Na ikishapita miezi kadhaa watu wataanza kukuuliza wewe. Waambie umeinunua lini na shilingi ngapi, unakaa wapi, unatumia umeme wa Tanesco au sola, kitu gani kimeharibika na umekitengeneza kwa bei gani. Mtu wa Liwale akisoma hivyo anaweza kuamua bila hata kukuuliza swali la pili.