Shule za chata Marekani kwa mtoto ambaye Kiingereza bado

Wazazi wengi kutoka kwetu wakisikia shule ya chata hudhani ni shule ya binafsi. Jina lenyewe, ambalo kwenye mabango na fomu utaliona limeandikwa charter, linanuka ada. Kumbe ni shule ya umma: inaendeshwa kwa mkataba maalumu, ina uhuru wake wa kupanga masomo na ratiba, lakini pesa yake inatoka serikalini na hairuhusiwi kumtoza mzazi karo. Sheria ya kwanza ya kuziruhusu ilipitishwa Minnesota mwaka 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa St. Paul mwaka uliofuata. Ukiwa Ohio, kwenye karatasi zinaitwa community school. Ni kitu kilekile. Ukiwa Kentucky, ambako Louisville na Lexington zimejaa Wakongo wenzetu, usisumbuke kuitafuta, haipo. Mwaka 2024 wapiga kura wa huko walikataa kubadilisha katiba ili pesa za serikali ziweze kwenda nje ya shule za umma za kawaida.

Kinachoweza kukugharimu ni sare na usafiri. Uliza habari ya basi kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu shule nzuri iliyo umbali wa dakika 40 bila basi, nawe uko zamu ya asubuhi ghalani, itakushinda kufikia Oktoba.

Nafasi hupatikana kwa kuomba. Maombi yakizidi nafasi, shule inachezesha bahati nasibu. Hakuna usaili wala mtihani wa Kiingereza wa kuingilia, na shule haina haki ya kumkataa mtoto kwa sababu hajui lugha. Ndugu wa mtoto ambaye tayari anasoma pale kwa kawaida hupewa kipaumbele. Msimu wa kuomba ni kati ya majira ya baridi na mwanzo wa machipuko. New York, kwa mfano, tarehe ya kawaida ya mwisho ni Aprili 1. Sasa, aliyekuja kwa ukimbizi hakuchagua mwezi wa kufika. Ukifika Novemba, omba uingizwe kwenye orodha ya kusubiri, ila mtoto asikae nyumbani akingoja chata. Shule ya kawaida ya mtaani lazima impokee. Mwandikishe huko kwanza. Kuhama baadaye si kosa.

Kuhusu karatasi, watu huogopa bure. Tangu mwaka 1982, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya Plyler dhidi ya Doe, shule ya umma haiwezi kumnyima mtoto masomo kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Shule inaweza kutaka uthibitisho wa umri, wa anwani na wa chanjo. Namba ya Social Security si sharti. Chanjo za waliokuja kama wakimbizi ziko kwenye makaratasi yaliyomo katika ule mfuko wa plastiki wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, mliokabidhiwa mkisafiri, kwa hiyo usiutupe. Na kama mmejibana kwa shemeji kwa kuwa hamjapata nyumba, sema hivyo wazi ofisini. Sheria ya McKinney-Vento inawahesabu watoto wa namna hiyo kuwa hawana makazi ya kudumu, na shule inatakiwa iwaandikishe mara moja hata kama karatasi hazijakamilika. Hiyo inazihusu shule za chata pia zikiwa na nafasi.

Karatasi inayoharibu mambo ni nyingine kabisa, ile fupi ya lugha ya nyumbani. Maswali yake yanafanana majimbo mengi: mtoto alianza kusema lugha gani, nyumbani mnaongea lugha gani, yeye mwenyewe hutumia ipi zaidi. Wapo wazazi wanaojaza Kiingereza kote, wakiogopa mtoto atarudishwa madarasa ya chini au ataonekana mjinga. Matokeo yake mtoto anakaa darasani miezi bila msaada ambao ni haki yake, na mwalimu anamwona mvivu. Jaza ukweli. Kama nyumbani ni Kibembe au Kinyamulenge na Kiswahili ni cha kanisani na mtaani, andika zote mbili.

Ukishaandika lugha isiyo Kiingereza, mtoto anapimwa katika kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika. Minnesota, Maine, Georgia na Colorado ni kati ya majimbo mengi yanayotumia vipimo vya WIDA, vyenye ngazi 1 hadi 6. Texas, California na New York zina vyao. Kwa mtoto mkubwa kipimo hufanyika kwenye kompyuta akiwa amevaa hedifoni, na kwa mtoto ambaye hajawahi kushika mausi hilo peke yake ni mtihani. Muulize mwalimu kama anaweza kupewa muda wa kuzoea mashine kwanza. Nanyi wa kutoka akademia za Nairobi zinazofundisha kwa Kiingereza, msichukie watoto wenu wakipimwa. Akiweza ataonekana, na jambo litaishia hapo.

Shule lazima ikuandikie matokeo ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze, au ndani ya wiki 2 tangu mtoto awekwe kwenye programu kama alikuja katikati ya mwaka. Una haki ya kuukataa msaada. Mimi siungi mkono, na hata ukikataa ataendelea kupimwa kila mwaka.

Kwenye msaada wenyewe ndipo shule zinapoachana. Kisheria chata inabanwa sawa na shule nyingine yoyote ya umma: uamuzi wa Lau dhidi ya Nichols wa mwaka 1974, uliotokana na watoto wa Kichina wa San Francisco, ulisema kumpa mtoto kitabu na darasa lilelile asiloelewa si kumpa usawa. Kwa vitendo, chata ndogo inaweza kuwa na mwalimu mmoja tu wa ESL, yaani Kiingereza kwa wenye lugha nyingine, kwa madarasa yote. Nyingine imejengwa kwa ajili hiyo tangu mwanzo, kama International Community School ya DeKalb, Georgia, iliyoanza mwaka 2002 ikiwachanganya watoto wa wakimbizi na wenyeji. Basi usiulize kama wana ESL, maana wote watajibu ndiyo. Uliza nani anafundisha na kama ana leseni ya kazi hiyo, ni dakika ngapi kwa siku, anamtoa mtoto au anaingia darasani kwake, na akimtoa, mtoto anakosa somo gani. Ukisikia anakosa sayansi kila siku, bishana. Ukisikia msaada wote ni programu ya kompyuta, bishana zaidi.

Hisabati nayo ina mtego wake. Watoto wa Kikongo waliosoma Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania, walifuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Mbili na nusu wanaandika 2,5. Kwenye kugawanya, namba inayogawanya wanaiweka kulia, wakati Wamarekani wanaiweka kushoto. Mwalimu asiyelijua hili anaona kosa juu ya kosa, na mtoto anayejua kugawanya vizuri anarudishwa kwenye kujumlisha. Peleka daftari lake la zamani kama mnalo, au mwambie agawanye mbele ya mwalimu kwa mtindo wake. Darasa analopangiwa lilingane na umri wake. Kiingereza kidogo si sababu ya kumshusha.

Kwenye mikutano dai mkalimani. Shule ndiyo inayomlipa, na mtoto asifanywe mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Kama Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa vinawapiga chenga, sema unataka mkalimani wa Kongo. Ukiambiwa mtoto ana ulemavu wa kujifunza, uliza kama alipimwa kwa lugha anayoielewa. Kutojua Kiingereza si ulemavu.

Liko neno moja la kukuzindua: "Shule hii haitamfaa mwanao." Husemwa kwa upole, na tabasamu juu. Akishaandikishwa, ana haki ya kubaki. Omba kauli hiyo kwa maandishi, kisha nenda kwa taasisi iliyoipa shule mkataba wake. Ikishindikana, ofisi ya haki za raia ya Wizara ya Elimu ya Marekani hupokea malalamiko ndani ya siku 180 tangu tukio.

Kipimo cha kila mwaka hufanyika baada ya Krismasi, na majibu yanatoka kuelekea mwisho wa mwaka wa masomo au likizo. Omba nakala uitunze pamoja na kadi za chanjo. Tunahamahama sana, leo Texas, kesho Iowa kwenye kiwanda cha nyama, na shule mpya ikiipata karatasi hiyo siku ya kwanza itajua mtoto alifika wapi wakati inasubiri faili lake.