Umepata tarumbeta la zamani? Soma kwanza, kusugua baadaye

Ukikuta tarumbeta la zamani stoo ya kanisa au kwa muuza vyuma chakavu, tafadhali usikimbilie kulisugua. Mimi la kwanza nililopata nilishinda nalo siku nzima na dawa ya kung'arisha shaba, likang'aa kweli, ila jina la mtengenezaji lilikuwa limeshalika na mimi nikamalizia herufi zilizobaki, mpaka leo inaniuma.

Futa vumbi tu kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu, alafu washa tochi ya simu umulike ule mdomo mpana kwa ubavu, sio moja kwa moja, yale maandishi yaliyofifia yanaweka kivuli na unayasoma. Soma na anwani pia. Ukiona Boosey & Co, 295 Regent Street, au Hawkes & Son, Denman Street, hilo ni la London na kwa kawaida ni la kabla ya 1930, mwaka ambao kampuni hizo mbili ziliungana zikawa Boosey & Hawkes. Besson ya 198 Euston Road nayo ni London, ingawa Gustave Besson mwenyewe alianzia Paris.

Sasa tafuta namba, mara nyingi imegongwa kwenye valvu (zile za kubonyeza kwa vidole) ya katikati. Ipige picha, kwa sababu vitabu vya kiwanda cha Boosey vilitunzwa, viko makumbusho ya Horniman, London, kwa hiyo hiyo namba inaweza kukupa mpaka mwaka.

Geuza uangalie nyuma ya valvu. Kuna vijibomba vifupi vya ziada? Huo ni ubunifu wa David Blaikley wa Boosey, 1874, unazuia sauti kupanda juu ya noti yake ukibonyeza valvu kadhaa pamoja, na ukiwa nalo hilo litunze sana jamani.

Valvu ikigoma koleo usiguse! Dondoshea mafuta mepesi, acha ilale, kesho rudia, na zikitoka kila moja irudi tundu lake, zimeandikwa 1, 2, 3.

Noti zake zikiwa juu kwa karibu nusu ya semitoni (hatua ndogo kati ya noti na noti jirani) usiseme bovu, bendi za Uingereza zilikuwa zinapiga noti A ya hezi 452.5 badala ya 440 mpaka miaka ya 1960. Vuta bomba la kutyunia, lisipotosha lipige na wenzake wa enzi hiyo, ila mtu wa kulichomelea bomba ili noti zishuke usimpe.