Doa jeusi si lazima liwe seli: kufuatilia seli shina ubongoni kwa MRI

Seli shina zikishapandikizwa ubongoni, MRI (upigaji picha za ndani ya mwili kwa sumaku) haiwezi kuzitofautisha na tishu iliyozizunguka. Kinachoonekana ni alama ulizozitia kabla ya kuzidunga. Alama iliyozoeleka ni chembe ndogo mno za oksidi ya chuma: chuma huvuruga uga wa sumaku, na pale kilipo picha ya T2* (aina ya picha ya MRI inayoathirika upesi na mvurugiko huo) hutokea nyeusi. Ugumu ni kujua weusi huo umetokana na nini.

Ferumoksitoli, ambayo ni chembe za aina hiyo na Marekani iliidhinishwa mwaka 2009 kuwa dawa ya upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, hufaa kwa kazi hii, ila peke yake haiingii vizuri ndani ya seli shina. Ichanganye na heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) na protamini (protini inayoshikamana na heparini). Vitatu hivyo hushikamana vyenyewe, na seli huvimeza. Kwa kila mililita ya kimiminika cha kukuzia kisicho na seramu, tia heparini yuniti 2, protamini mikrogramu 60 na ferumoksitoli mikrogramu 50. Baada ya saa 2 ongeza kiasi kilekile cha kimiminika chenye seramu, uache hadi kesho yake. Kisha osha seli kwa maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti na heparini yuniti 10 kwa mililita, ili chuma kilichoganda nje ya utando kibanduke. Hatua hii hairukwi. Chuma cha nje kikidondoka ubongoni, kitachora doa pasipo na seli yoyote.

Kabla ya kudunga, paka sampuli rangi ya bluu ya Prusia uone chuma kimo ndani ya seli ngapi, na hesabu seli hai kwa rangi ya tripani, ambayo huingia seli mfu tu. Linganisha pia ukuaji wake na seli zisizo na alama. Halafu tawanya seli 1,000, 10,000 na 100,000 katika jeli ya agarosi ya asilimia 1, upige picha kwa vipimo vilevile utakavyotumia kwa mnyama; hapo utajua kiwango cha chini unachoweza kuona. Jihadhari na viputo: kiputo cha hewa hutoa doa jeusi mithili ya la seli. Mimina jeli ikingali moto, polepole, ukiitelezesha kwenye ukuta wa chupa.

Kwa panya mdogo wa maabara, seli 100,000 katika mikrolita 2 zinatosha, kwa kasi ya mikrolita 0.5 kwa dakika. Ukimaliza kudunga, subiri dakika 5 ndipo uanze kuvuta sindano taratibu. Ukiharakisha, seli hupanda na njia ya sindano, na picha itakuonyesha mstari mweusi hadi juu ya ubongo. Damu iliyovuja nayo ni nyeusi kwenye T2*, hivyo piga picha moja kabla ya upasuaji, na uwe na kundi lililodungwa kimiminika kitupu.

Kwa upigaji picha tumia gredienti-eko, mfuatano wa MRI unaotoa picha za T2*. Muda wa mwangwi (muda wa kusubiri kabla ya kunasa ishara) ukiwa mrefu, utagundua seli chache zaidi, lakini doa huvimba kupita eneo halisi la seli. Kwa hiyo usipime ujazo wa pandikizi kwa doa hilo, wala usibadilishe muda huo katikati ya utafiti.

Kosa kubwa kuliko yote ni kusoma doa kana kwamba ni uhai. Seli ikifa, mikroglia (seli za kinga za ubongo) huila pamoja na chuma chake, na doa hubaki palepale kwa wiki kadhaa. Kwa upande mwingine, seli inayogawanyika hugawa chuma nusu kwa nusu. Doa hufifia huku pandikizi likistawi. Ndiyo maana tunasisitiza kundi la seli zilizotiwa alama kisha zikauawa kwa kugandishwa na kuyeyushwa mara tatu. Madoa ya makundi hayo mawili yakifanana katika wiki ya 4, picha zako zinaonyesha mahali tu.

Uhai upimwe kwa njia nyingine. Seli za panya zilizopewa jeni ya lusiferasi ya kimulimuli (kimeng'enya kinachotoa mwanga kikikutana na lusiferini) hung'aa baada ya kudungwa lusiferini miligramu 150 kwa kilo, na kwa kuwa mmeng'ao huo unahitaji ATP (molekuli ya nishati ya seli hai), seli mfu hazing'ai. Mwishoni kata ubongo vipande vyembamba: kimoja bluu ya Prusia, cha jirani yake kingamwili ya seli ulizopandikiza pamoja na ile ya Iba1 (protini ya mikroglia) inayotambua mikroglia. Bluu ikiangukia kwenye Iba1, ulichokuwa ukifuatilia ni mikroglia.