Komoni ughaibuni: pika, kunywa, gawa, ila usipokee hata senti

Shangazi yangu wa Mafinga hapimi pombe kwa kifaa chochote. Anafunua ndoo, anainamisha sikio, anasikiliza. "Bado inaongea," aliniambia Juni mwaka jana. Baridi ya Mufindi ilikuwa imeingia hadi kwenye mifupa, na ndoo tatu za komoni, pombe yetu ya mahindi na kimea cha ulezi, zilikuwa zimevikwa mablanketi pembeni ya jiko. Keshokutwa yake palikuwa na mgowe, yaani kazi ya pamoja ya majirani, wa kuvuna mahindi, na kwetu huwezi kuwaita majirani shambani bila kuwaandalia cha kunywa.

Tukiwa pale jikoni simu ikaita. Ni mtoto wa kaka yangu, anaishi Ohio.

"Shikamoo baba mdogo. Desemba tuna sendofu ya dada. Tunataka tupike komoni yetu wenyewe. Tutafungwa?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi tangu nirudi kutoka Houston, nilikoishi miaka 11. Nalijibu hapa kwa urefu kwa sababu watu wetu wanakosea pande zote mbili. Kuna wanaoogopa kuchachusha chochote wakidhani polisi watabisha hodi, na kuna wanaouza komoni kwenye magaraji wakidhani hakuna anayejali.

Tuanze na Marekani, ambako wengi wenu mko. Nchi ile ilipiga marufuku pombe mwaka 1920. Marufuku ilipofutwa Desemba 1933, waliotengeneza mvinyo majumbani walipewa ruhusa, bia ikaachwa nje. Kwa zaidi ya miaka 40 mtu aliyepika bia jikoni kwake alikuwa mkosaji mbele ya serikali kuu. Tarehe 14 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoisamehe kodi bia inayopikwa nyumbani kwa matumizi ya mpishi na familia yake, na ilianza kutumika tarehe 1 Februari 1979. Wakati ule viwanda vya bia nchini mwao vilikuwa chini ya 100. Leo ni zaidi ya 9,000, na wengi wa walioanzisha viwanda vidogo walijifunzia kwenye sufuria za nyumbani.

Kiasi kinachoruhusiwa ni hiki: nyumba yenye mtu mzima mmoja, galoni 100 kwa mwaka wa kalenda, yaani kama lita 379. Nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, galoni 200, kama lita 757. Mkiwa watano mnapanga nyumba moja bado ni 200, haiongezeki. Kwa ndoo zetu za lita 20, hiyo ni ndoo 18 zilizojaa kwa anayeishi peke yake, na 37 kwa nyumba ya wawili. Mvinyo una hesabu yake pembeni, kwa kiasi hicho hicho. Mpishi awe ametimiza umri wa kunywa pombe, ambao kule ni miaka 21.

Wengi huniuliza kama komoni inahesabika kuwa bia. Inahesabika. Sheria yao haitaji shayiri peke yake. Inasema kinywaji cha kuchachushwa cha jina lolote, chenye kilevi cha nusu asilimia au zaidi, kilichotokana na kimea au kitu kinachochukua nafasi ya kimea. Komoni ya Njombe imo, kimpumu cha Mbozi kinachonyonywa kwa mrija kimo, na busaa ya majirani zetu wa Kenya imo.

Hakuna fomu ya kujaza wala ofisi ya kujiandikisha kwa bia ya nyumbani, na hakuna afisa anayepita nyumba kwa nyumba akihesabu ndoo. Kwa hiyo watu hujisahau. Kikomo kile husimamiwa mara nyingi kwa njia ya pembeni: jirani kalalamika kuhusu kelele, mtu kaendesha gari amelewa akitokea kwenu, au wewe mwenyewe umeweka picha za madumu kwenye Facebook ukaandika bei. Hapo ndipo hesabu huanza kufanywa. Anayepika nje ya msamaha huo wa matumizi ya nyumbani anakabiliwa na faini isiyozidi dola 1,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Hiyo ni serikali kuu tu.

Majimbo nayo yana sheria zao, na ndizo zinazowapata wengi. Alabama na Mississippi ziliruhusu bia ya nyumbani mwaka 2013 tu, zikiwa za mwisho nchi nzima. Na Alabama ilipofungua mlango iliufungua kidogo: galoni 15 kwa kila miezi mitatu, kama lita 57, hazitimizi ndoo tatu. Mtu aliyezoea maisha ya Texas akihamia kule akapika kwa mazoea, ameshavunja sheria kabla hata ya kualika wageni. Ukihama jimbo, soma sheria ya jimbo jipya kabla ya kuloweka ulezi.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike. Pombe hiyo haiuzwi. Haiuzwi kwa kopo, haiuzwi kwa dumu, na haiuzwi kwa jina la mchango. Hapa ndipo desturi zetu na sheria zao zinapogongana, kwa sababu sisi tumelelewa kuchangiana. Iringa mtu akipika, jirani huleta debe la mahindi, mwingine kuni, mwingine huacha noti chini ya kikombe, na hakuna anayeita hiyo biashara. Kule, ukiweka kikapu mlangoni na kiingilio cha dola 20, kisha ndani kuna komoni "ya bure", mamlaka ya jimbo inaweza kukuambia kwamba ile dola 20 ndiyo bei ya komoni.

Nililiona kwa macho yangu. Tulikuwa tumekodi ukumbi kwa ajili ya kusaidia familia iliyofiwa, nia njema kabisa, na aliyetengeneza tangazo akaandika kiingilio na komoni kwenye mstari mmoja. Meneja wa ukumbi alilisoma likiwa limebandikwa mlangoni. Hakupiga simu polisi, namshukuru, lakini alisimama pale mpaka ndoo nne zikarudishwa kwenye gari, lita 80 ambazo mama mmoja wa Makambako alizihangaikia wiki nzima. Alikaa kwenye gari nazo, hakutaka kuingia ndani. Mpaka leo nikikumbuka uso wake najilaumu kwamba sikulisoma lile tangazo mapema.

Kwa hiyo tenganisha vitu viwili hivi, kabisa. Kama mnachanga fedha za msiba au arusi, changeni kwa simu wiki kabla, na vinywaji siku ile viwe soda na maji. Kama mnataka komoni, iwe nyumbani kwa mpishi, wageni wa kualikwa, bila kiingilio, bila kikapu. Sheria ya serikali kuu inakubali kuitoa nje ya nyumba kwa shughuli za familia, maonyesho na mashindano, ila jimbo na mwenye ukumbi wanaweza kukataa, basi uliza kwanza.

Kuna jingine ambalo vyama vyetu havilijui. Msamaha ule ni wa mtu binafsi. Kampuni na vyama haviruhusiwi kupika chini yake. Chama cha wanakusini mnaokutana kila mwezi hamwezi kununua vifaa kwa fedha ya chama na kupika kwa jina la chama. Apike mwanachama, kwake, kwa ulezi wake.

Na gongo, hapana. Hapa sitazunguka. Kuchachusha ni jambo moja, kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukinga mvuke wake, ni jambo jingine. Marekani adhabu ya kutengeneza pombe kali nyumbani hufika miaka 5 jela na faini ya dola 10,000, hata kama ni chupa moja ya kunywa na shemeji. Uingereza pia ni kosa bila leseni. Achilia mbali sheria: mvuke wa pombe huwaka, na nyumba zao zimejengwa kwa mbao.

Ninyi ambao bado hamjapata uraia mnabeba mzigo mkubwa kuliko mzaliwa wa kule. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, kupewa hati ya kosa au kushtakiwa. Kosa dogo la kuuza pombe bila leseni, ambalo Mmarekani angelipa faini akalisahau, wewe utalieleza mbele ya afisa miaka kadhaa baadaye. Sheria yao ya uhamiaji pia inamhesabu mlevi wa kupindukia kuwa amekosa maadili mema yanayotakiwa kwa uraia. Nakuomba ulifikirie hilo kabla ya kuandika bei kwenye kundi la WhatsApp.

Nchi nyingine nitazigusa haraka. Uingereza ilianza kudai leseni kwa wapika bia wa nyumbani mwaka 1880, ikaifuta mwaka 1963, na leo unapika bia kiasi unachotaka mradi usiuze. Japani kinywaji cha nyumbani kikifika kilevi cha asilimia 1 ni kosa. Ninyi mlioko Saudi Arabia na Kuwait, msijaribu hata ndoo moja, hata chumbani, hata sikukuu. Kule kutengeneza pombe kumekatazwa kabisa, na mfanyakazi mgeni akikutwa nayo hana pa kushika.

Tuandae kimea sasa. Ulezi usiutafute kwenye maduka makubwa. Nenda duka la Wahindi uulize ragi, ndio huo huo ulezi wetu. Nunua punje nzima, unga hauoti. Kabla ya kununua mfuko mkubwa, chukua kijiko kimoja, loweka, uone kama unaota, maana mwingine umekaa ghalani mpaka umekufa. Ukiota vizuri, loweka ulezi wako usiku kucha, chuja, tandaza juu ya kitambaa safi chenye unyevu, funika. Siku ya tatu au ya nne utaona vimizizi vyeupe vimeshikana kama uzi. Unuse. Kimea kizuri kinanukia tango lililokatwa sasa hivi. Kikinuka uvundo, tupa. Anika mbele ya feni mpaka kikauke kabisa, kisha saga kwa mashine ya kusagia kahawa.

Mahindi yenye ukungu usiyatumie hata kama ni ya bure. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha. Jiko la gesi la nje lisiingizwe garaji wakati wa theluji, hata kwa saa moja, kwa sababu linatoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa nayo wakidhani wana usingizi. Na mfuniko wa ndoo usikazwe. Pombe inayochachuka inapumua, ukiiziba kwenye chupa ya glasi itapasuka na vipande vitaruka mpaka ukutani.

Hilo la kupumua ndilo linalonifanya nimkataze kila anayetaka kuondoka Iringa na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwenye begi. Ulanzi mtogwa uliokingwa asubuhi kwenye mbeta ni mtamu kama juisi. Kufika jioni umeanza kukolea, na ukilala umekuwa mdindifu, yaani mkali. Ndege haitausubirisha. Nilikuwa kwenye foleni ya mizigo begi la kijana mmoja lilipotokea limelowa, nguo zote za mtoto aliyempelekea zikinuka kilabu. Ulanzi ni wa kunywewa chini ya mianzi yake, msimu wa mvua. Ukitaka kuufaidi, panga likizo kati ya Januari na Aprili uje Kilolo au Njombe. Unga wa kimea unaweza kujaribu kuubeba, lakini uutaje forodhani kwenye kila swali la vyakula na mazao. Marekani ukificha, faini ya kwanza kwa msafiri huwa dola 300, na unga unatupwa vilevile.

Mkija likizo nyumbani pia kuna sheria, msisahau. Kuuza pombe za kienyeji kunahitaji leseni, na gongo bila leseni ni kosa. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, basi usimwagize mdogo wako akutafutie vya zamani. Wenzetu wa Kenya waliihalalisha chang'aa mwaka 2010 kwa masharti ya leseni na viwango, kwa hiyo usichukulie kwamba kinachoruhusiwa ng'ambo ya mpaka kinaruhusiwa kwetu.

Yule kijana wa Ohio tulipanga naye hivi: ndoo nne, nyumbani kwake, yeye na mkewe ndio wapishi, wageni kwa majina, michango ya sendofu ikusanywe kwa simu na kufungwa wiki mbili kabla. Funguo za magari zishikwe na mjomba wake asiyekunywa. Alinitumia mwaliko niusome kabla hajausambaza, na mstari wa mwisho unasema: "Komoni ipo, imepikwa nyumbani, haiuzwi." Shangazi aliposomewa alitikisa kichwa kukubali, kisha akaagiza aambiwe aziweke ndoo karibu na hita, na kabla ya kumkaribisha mtu yeyote afunue, ainamishe sikio, asikilize.